Boila la Shemeji Lisilo na Cheti

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha jikoni, simu sikioni, shemeji yangu Royston akicheka kutoka Uhispania, na mimi sijaona hata kidogo cha kuchekesha.

Kwa aliyeliokota gazeti leo, nitaeleza upesi. Naitwa Noreen. Mume wangu Clifford alipatwa na kiharusi mwaka jana, kikamwachia mguu wa kulia usiomtii na mkono wa kulia wa kuwekwa mapajani tu. Nyumba yetu hapa Yorkshire, Uingereza, ni nyembamba, imejengwa kwenda juu. Choo kiko juu, chumba cha kulala kiko juu, na Clifford hupanda ngazi kwa makalio, kidato baada ya kidato. Ameshaanguka mara mbili. Daktari alituambia wazi kwamba akianguka mara ya tatu, huenda tusiwe na haja ya kuhesabu ya nne.

Tumepata nyumba ya chini kule Bridlington, isiyo na ngazi hata moja, mtaa wa pili kutoka kwa binti yetu Janine. Ya kwetu tumeipatia mnunuzi, kijana mmoja anaitwa Kieran. Lakini huku kwetu nyumba haziuzwi moja moja. Sisi hatuwezi kumlipa Bi Pilling, mwenye nyumba ya chini, mpaka Kieran atulipe sisi, na mikataba yote lazima ifungwe siku moja. Watu wanauita mnyororo, na kweli ni mnyororo, maana tumefungwa nao. Wakili wa Kieran akaukwamisha wote kwa swali moja tu: cheti cha boila kiko wapi?

Boila lenyewe halina kasoro. Liko jikoni, miaka tisa linachemsha maji na kupasha nyumba joto bila kukohoa. Alilifunga Royston, mdogo wake Clifford, siku hizo akiwa fundi wa gesi aliyesajiliwa, na alitupa kama zawadi ya kuadhimisha ndoa yetu. Sheria inasema fundi akishafunga boila aiandikishe kazi hiyo, halmashauri ijue, na cheti kije kwa posta. Chetu hakikuja, na wala hatukujua kwamba kuna kitu cha kusubiri.

"Cheti gani tena, shemeji?" Royston akaniuliza alipomaliza kucheka. "Sikuiandikisha kazi ile."

"Kwa nini hukuiandikisha?"

"Kulikuwa na ada. Si kubwa, bei ya samaki na chipsi za watu wawili. Boila nimewapa bure, mlitaka na ada nilipe mimi?"

Nikamwambia angesema tu, tungelipa wenyewe siku hiyohiyo na chai juu.

"Ningewaombaje?" akasema, na sasa alikuwa ameacha utani. "Ilikuwa zawadi, Noreen. Mtu hampi kaka yake zawadi halafu akamwomba hela ya karatasi. Ningeonekanaje?"

Wenzangu, nilitamani niingie ndani ya ile simu nitokee Uhispania. Nimeishi na watu wa ukoo huu miaka arobaini na bado wananishangaza. Wako radhi nyumba ikose cheti, kaka avunjike shingo kwenye ngazi, ilimradi mtu asionekane ameomba hela. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema lolote kuhusu kutoa nusu. Nikamuuliza kama anaweza kuiandikisha sasa. Akasema usajili wake ulikwisha alipostaafu, kisha akaniuliza hali ya hewa ya huku ikoje. Nikakata simu.

Sasa sikilizeni nilichokifanya, maana ndicho kinachonila moyo hadi leo.

Nilipiga simu halmashauri.

Hakuna aliyenituma. Mimi nimelelewa hivyo: ukiwa na tatizo na serikali, unaiendea mwenyewe, unapanga foleni, unasema samahani kwa usumbufu. Nikasikiliza muziki wao mpaka sikio likawa moto. Akapokea dada mmoja mwenye sauti tamu, akaniita mpenzi, na mimi nikamwaga yote: jina, anwani, aina ya boila, mwaka lilipofungwa, Royston na ada yake. Nikamuuliza hata ana watoto wangapi. Akaniambia ameniandika, na kwamba mkaguzi wa majengo ndiye wa kunipa cheti kipya, ila foleni yake ni ndefu, tungojee wiki kadhaa.

Nikamwarifu Clifford. Akatikisa kichwa kuridhika. "Umefanya vizuri," akasema. Clifford alikuwa refa wa ligi ya Jumapili kwa karibu maisha yake yote ya utu uzima, na kwake kujipeleka kwa mwenye kipenga ni heshima.

Kesho yake asubuhi akapiga simu wakili wetu, Bi Tolley. Ni mama mkavu, haongei neno lisilo na kazi, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa na tabasamu.

"Bi Noreen, la boila limekwisha," akasema. "Kuna bima ya makaratasi yanayokosekana: halmashauri ikija kumsumbua mnunuzi, kampuni ndiyo inayolipa. Tunaikata, wakili wa mwenzetu ameshaikubali, tunasonga mbele. Mambo haya tunayaona kila wiki."

Nilikaa chini. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha, na nilishaanza kufikiria maboksi ya vyombo.

"Ina sharti moja tu," akaendelea. "Kampuni haiitoi ikiwa mwenye nyumba ameshawasiliana na halmashauri kuhusu boila hilo. Ukishawaambia, hatari inakuwa imejulikana, na hawakai nayo. Kwa hiyo msipige simu halmashauri hata kwa bahati mbaya."

Birika lilikuwa linachemka na nikaliacha lichemke.

"Bi Noreen?"

"Bi Tolley," nikasema, "na kama mtu alikuwa tayari..."

"Ngoja," akanikata, na tabasamu likatoka sautini. "Usiniambie kitu ambacho nikishakijua siwezi kukisahau. Nitakutumia fomu. Ina maswali machache. Mtaisoma wenyewe, mtaijibu wenyewe, mtatia saini wote wawili, kwa kuwa nyumba ni ya wote wawili. Nataka karatasi yenye wino, sitaki picha ya simu. Ikifika Ijumaa asubuhi, tunafunga mikataba Ijumaa mchana."

Mdomo uliponza kichwa. Nimeusema msemo huo kuwasema wengine tangu ujana wangu, na siku hiyo nilijisema mwenyewe mbele ya birika.

Fomu ikaja Jumatano. Swali la nne lilikuwa pale: je, wewe au mtu yeyote kwa niaba yako amewasiliana na halmashauri? Ndiyo. Hapana. Visanduku viwili vidogo, na nyumba ya Bridlington ilikuwa ndani ya kimoja.

Nikampelekea Clifford kwenye kiti chake. Akaisoma taratibu, akairudisha.

"Jibu ni ndiyo," akasema.

"Najua jibu ni nini. Nakuuliza tuandike nini."

"Tuandike jibu."

Nikamwambia kwamba yule dada wa halmashauri pengine ameshatusahau. Nikamwambia boila ni zima na hakuna atakayedhurika. Nikamwambia Bi Tolley mwenyewe karibu anikonyeze kwa simu. Yote hayo yakamwingia sikio hili yakamtokea lile.

"Noreen, nimetoa penalti dhidi ya timu ya baba yangu," akasema. "Unadhani leo nitaanza kudanganya?"

"Baba yako hakukusemesha mwaka mzima."

"Lakini ilikuwa penalti."

Ningeweza kumpiga na mto. Nasema kweli, nilimpenda na nikatamani kumpiga na mto, vyote kwa wakati mmoja. Mtu mwenyewe ndiye anayepanda kwa makalio. Mtu mwenyewe ndiye nyumba ile inatafutiwa. Mimi miguu yangu mizima, ngazi hizi ningezipanda miaka kumi mingine.

Alasiri akapiga simu dalali. Akaniambia, kwa ile sauti ya upole ambayo madalali huitoa kabatini siku ya msiba, kwamba Bi Pilling amepata mtu mwingine. Huyo hauzi nyumba, hayumo kwenye mnyororo wowote, anasubiri tu aambiwe. Bi Pilling anatupenda, lakini ikipita Ijumaa atampa huyo. Nikamuuliza kama Bi Pilling anajua hali ya Clifford. Akasema anajua, na ndiyo maana ametungoja muda wote huu.

Sikumwambia Clifford. Ingekuwa kama kumsihi refa abadili uamuzi kwa sababu mchezaji ana watoto.

Jioni akaenda juu kujisaidia. Nilikuwa namenya viazi. Baada ya muda nikaona kimya kimezidi, nikatoka kutazama. Alikuwa ameketi katikati ya ngazi, mgongo ukutani, macho yamefumbwa, jasho linamtiririka. Hakuwa ameanguka. Alikuwa amechoka tu, hawezi kwenda juu wala kushuka, na hakutaka kuniita. Suruali yake ilikuwa imeshalowa.

"Nipe dakika," akasema bila kufumbua macho.

Nikakaa kidato cha chini yake. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani: Royston, halmashauri, aliyebuni vile visanduku viwili, au mtu huyu mwema ambaye wema wake utatuzika kwenye nyumba hii.

Alhamisi asubuhi, Clifford akiwa bado kitandani, nilikaa mezani jikoni nikaijaza fomu. Swali la nne nikaweka alama kwenye Hapana. Nikatia saini yangu. Kisha nikatia ya Clifford.

Haikuwa kazi. Tangu mkono wake ulale, mimi ndiye ninayemtilia saini kadi za Krismasi, za siku za kuzaliwa, za kuwapa pole watu. Naijua C yake ilivyo na tumbo kubwa na mkia wa mwisho unavyorudi nyuma. Yeye mwenyewe huwa ananisifu. Niliweka wino bila mkono kutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha baadaye. Nikafunga bahasha, nikabandika stempu ya haraka, nikatoka hadi kwenye sanduku jekundu la posta pale kona, nikaitumbukiza. Nikaisikia ikianguka juu ya barua nyingine.

Nikapitia dukani nikanunua mkate na nyama ya nguruwe ya kukaanga, kwa kuwa nilitaka tule vizuri. Nilijiambia dhambi ni yangu, yeye mikono yake misafi. Nilishaipanga hata namna ya kumwambia: tukishafika Bridlington, miaka miwili baadaye, akiwa bustanini, ameshiba.

Niliporudi nilimkuta ameshashuka, amekaa kitini kwake, amenyoa kidevu upande mmoja vizuri na upande wa pili vibaya. Simu ilikuwa mapajani. Alikuwa anatabasamu. Ule mdomo wake uliopinda hautabasamu kwa urahisi, na moyo wangu ukafurahi kabla sijajua kwa nini.

"Kaa chini, mke wangu," akasema. "Nimempigia yule kijana."

"Kijana gani?"

"Kieran. Mnunuzi."

Niwaeleze kwamba huku kwetu jambo hilo halifanywi. Muuzaji na mnunuzi wanaweza kuishi mtaa mmoja, lakini mpaka mikataba ifungwe wanasemeshana kupitia mawakili, kama wachumba wa zamani. Nikamuuliza Clifford kama kichwa chake ki sawa.

"Mechi ikichafuka, refa anawaita manahodha wote wawili katikati," akasema. "Anawaambia hali ilivyo. Basi nimemwambia. Royston hakuandikisha, mke wangu alipiga simu halmashauri, bima haiwezekani, na sisi hatutadanganya. Nikamwambia kama anataka kujitoa, ajitoe sasa, asitupotezee muda."

Nilishika ukingo wa meza. "Akasemaje?"

"Alicheka."

"Alicheka?"

"Akaniambia, 'Mzee, boila lile mimi nalitupa.' Wanavunja jiko lote, Noreen. Wiki ya kwanza tu. Linang'olewa, wanaweka nje mtambo wa umeme wa kupasha nyumba joto. Cheti chetu walikuwa hawana habari nacho kabisa. Wakili wao ndiye aliyeuliza, kwa kuwa mawakili ndivyo wanavyouliza."

Wapendwa, kaeni na hilo kidogo. Wiki zile zote. Uhispania, muziki wa halmashauri, Bi Tolley, Bi Pilling, usingizi nilioukosa. Yote kwa ajili ya boila linalokwenda jalalani. Nilianza kucheka na nikaona uso wangu umelowa machozi.

"Bado sijamaliza," Clifford akasema, na alikuwa amefurahi kwelikweli, mashavu yana damu. "Kijana amesema anamwandikia wakili wake sasa hivi. Bima hawaitaki. Anamweleza kila kitu nilichomwambia, na simu yako ya halmashauri imo, ili kusiwe na siri. Na wakili wake atamjulisha Bi Tolley leo hiihii. Kesho tunafunga."

Kicheko kikanikatika.

Nikayaona kwa mpangilio, bila kusaidiwa. Leo Bi Tolley atasoma kwamba tuliwasiliana na halmashauri. Kesho asubuhi atafungua bahasha, asome kwamba hatukuwasiliana, na chini yake saini mbili. Atampigia Clifford kumuuliza. Clifford atasema hakutia saini kitu. Na Bi Tolley alishaniambia: akishakijua kitu, hawezi kukisahau. Ataacha kazi yetu, na Ijumaa itapita bila wakili. Na hiyo ni mbali na kile ambacho sheria inamfanyia mtu anayetia saini ya mwenzake kwenye karatasi ya bima.

Hata hayo hayakuwa mabaya kuliko uso uliokuwa mbele yangu.

"Lete ile fomu," Clifford akasema. "Tuichane pamoja. Nataka na mimi niisikie inachanika."

"Iko juu," nikasema. Lilitoka lenyewe. "Ngoja nichukue maziwa yaliyoachwa nje kwanza, halafu nitaileta."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma na ndara zangu za ndani, nikakimbia. Sijakimbia tangu Janine alipokuwa shule. Gari jekundu lilikuwa limeegeshwa kwenye kona, na mtu wa posta alikuwa amepiga magoti, sanduku liko wazi, anamimina barua kwenye gunia.

Nikamwambia kuna barua yangu mle. Bahasha ndefu, nyeupe, mwandiko huu. Nimekosea, naomba nirudishiwe.

"Siwezi, mama," akasema, naye alikuwa mpole. "Ikishaingia si yako tena. Ni ya yule uliyemwandikia."

"Nimeitumbukiza muda si mrefu. Jina langu liko nyuma yake. Tazama, ile pale."

Ilikuwa pale kweli, juu kabisa, na C yenye tumbo ndani yake. Alitazama bahasha, akanitazama ndara, nadhani akataka kunipa. Kisha akaivuta kamba ya gunia.

"Nikikupa wewe, nitampa na kesho atakayekuja kuchukua isiyo yake," akasema. "Nisamehe, mama."

Nikasema asante. Mniamini, nilimwambia asante. Nikasimama pale mpaka gari likaishia kuteremka mlima.

Nilirudi polepole, natafuta maneno. Njiani niliamua. Nitamwambia. Nitapiga magoti mbele ya kile kiti nimwambie yote, halafu yeye atajua la kufanya, kwa kuwa yeye siku zote anajua. Kisha tutampigia Bi Tolley pamoja, kabla bahasha haijafika. Huenda bado kulikuwa na nafasi.

Nikafungua mlango wa nyuma. Kiti kilikuwa kitupu. Simu ilikuwa sakafuni. Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, chini ya ngazi.

"Noreen?"

Sauti ilitoka juu. Nikainua macho. Alikuwa amefika mwisho wa ngazi, peke yake, na hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama wima kwenye kidato cha juu, anahema, uso bado umejaa furaha, na mkono wake mzima haukushika ukingo. Ulikuwa umebeba rundo la makaratasi kutoka kabatini kwangu.

"Uliposema iko juu nikaona nikuletee," akasema. "Nimetafuta kote, siioni. Umeiweka wapi?"

"Clifford, kaa chini," nikasema. "Usitembee."

"Sema kwanza iko wapi."

Na huku akisubiri jibu, akautoa mguu wake wa kulia mbele.